Moshi wa magari: sheria tunayo, utekelezaji ndio haba

Wahenga walitufunza kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Nina hakika kwamba lau wangalipata nafasi ya kusimama saa moja tu kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, jioni watu wanaporejea makwao, wangaliongeza funzo la pili: kwamba panapofuka moshi mwingi, hapakosi sheria iliyolala.

Majuzi nilikuwa nimesimama katika kituo kimoja cha barabara hiyo nikingoja matatu. Kando yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo aliyekuwa ametandaza machungwa na njugu karanga juu ya gunia. Tulikuwa tumeanza kuzungumza, akaniarifu kwamba ameketi mahali hapo kwa miaka 11. Mara basi moja kuukuu, lililosheheni abiria hadi mlangoni, liling'oa nanga kwa kishindo na kututemea wingu la moshi mweusi tititi. Waliokuwa kituoni waligeuza nyuso. Mimi nilitoa hanchifu nikaziba pua. Mama yule hakugeuka wala hakuziba chochote. Alichukua kitambaa akaanza kuyapangusa machungwa yake, moja baada ya jingine. Nilipompa pole alinijibu bila hasira: "Mwanangu, haya machungwa nayapangusa. Sasa kifua nikipanguse na nini?"

Nilikosa jibu. Matatu ilipofika niliabiri nikaenda zangu, lakini swali lile liliabiri pamoja nami. Ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwa maana naamini kwamba swali la mama huyo si la daktari. Ni swali la Serikali.

Yafaa kwanza tuelewe ni kitu gani hasa kinachotemwa na magari yetu. Moshi wa dizeli hubeba masizi, yaani chembechembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuzibainisha moja moja. Zile kubwa huzuiwa na pua na koo, lakini zile ndogo zaidi huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huvuka zikaingia katika damu. Ndiyo sababu madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu, bali hufika kwenye moyo na hata ubongo. Mnamo Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka wa 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembechembe hizo ndogo, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Kwa ufupi, kadiri wataalamu wanavyozidi kuchunguza, ndivyo wanavyogundua kwamba hata kidogo tulichodhani hakidhuru kinadhuru.

Injini za petroli nazo hazina usafi wa kujivunia. Zikiwa mbovu hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Kwa hivyo asije mtu akadhani kwamba gari lisilofuka moshi mweusi halina hatia.

Sasa tujiulize ni nani anayeivuta hewa hiyo. Mheshimiwa anayepita ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa na mtambo wa kupoza hewa anaivuta kidogo. Anayeivuta kwa ukamilifu ni mfanyakazi anayetembea kwa miguu kutoka Mukuru hadi Eneo la Viwanda, mwanafunzi anayengoja kuvuka barabara, mchuuzi, mhudumu wa bodaboda, utingo anayening'inia mlangoni, na askari wa trafiki anayesimama katikati ya mzunguko wa magari tangu alfajiri. Hao ndio wasiomiliki magari. Wanaofaidi mwendo ni wengine, na wanaolipia moshi ni wengine. Palipo na ukosefu wa haki wa namna hiyo, soko halitaurekebisha lenyewe. Ndipo tunapoihitaji Serikali.

Kuna wanaosema kwamba tunahitaji sheria mpya. Mimi nasema la. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Trafiki zimekataza tangu zamani gari kutoa moshi ambao ungeweza kuzuiwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka wa 1999, ambayo ndiyo iliyozaa NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za Ubora wa Hewa zilitangazwa mwaka wa 2014, zikayagusa magari pamoja na viwanda. Kaunti ya Nairobi nayo ilijitungia sheria yake ya ubora wa hewa mwaka wa 2022. Juu ya hizo zote ipo Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010, ambayo katika Kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yanayofaa kwa afya. Haisemi kila mwenye gari. Inasema kila mtu, na mama wa machungwa ni mtu.

Tatizo basi li wapi? Kwa maoni yangu, liko katika namna kazi ilivyogawanywa. NEMA ina vipimo vya hewa vilivyoandikwa, lakini haina maafisa wanaosimamisha magari barabarani. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, hukagua matatu na magari ya biashara kila mwaka, lakini fikira ya ukaguzi wetu tangu jadi imekuwa breki, magurudumu, taa na usukani. Polisi wako barabarani usiku na mchana, lakini hawana chombo cha kupimia moshi isipokuwa macho yao, na ushahidi wa macho hauna nguvu mbele ya hakimu. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, huyaangalia magari yanapoingia nchini, na yakishaingia kazi yake imekwisha. Kila mmoja anadhani kwamba zamu ni ya mwenziwe, na katika kungojeana huko basi lile kuukuu linapita katikati yao wote.

Chukua mfano wa sheria ya miaka minane. Humu nchini hairuhusiwi kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu litengenezwe. Ni sheria nzuri, na imetukinga. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka wa 2020, ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na nchi za Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi. Bila ya mlango wetu kuwa na bawabu, tungekuwa jaa la vyuma vya ulimwengu. Lakini bawabu huyu hupekua wageni mlangoni tu. Gari lililoingia likiwa na miaka saba laweza kuishi miongo miwili zaidi humu ndani, likibadilishwa rangi, likifumuliwa injini na kuunganishwa upya, bila yeyote kuliuliza tena linatema nini.

Hapa sina budi kukiri jambo, kwa maana nyani haoni kundule, nami sitaki kuwa nyani wa makala hii. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo lililotoka Japani. Fundi mmoja wa gereji aliniambia kwamba kile kisafishaji moshi kilichoungwa katika bomba la nyuma kimeziba, na kwamba kukinunua kipya ni gharama kubwa. Akaniongezea kwamba yuko mtu anayenunua vile vikuukuu kwa pesa nzuri, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Nilikubali. Kilikatwa, kikauzwa, pakachomelewa kipande cha bomba tupu, nikaondoka nikidhani nimefanya biashara ya maana. Gari lilikwenda vyema. Hakuna ukaguzi wowote ulionigundua, na hakuna aliyeniuliza hadi nililipouza. Leo nikimkumbuka mama wa machungwa najua kwamba fedha zile nilizitoa katika kifua chake na vya wenzake. Ninasimulia haya si kwa kujisifia toba, bali kuonyesha kwamba mahali ambapo sheria haipimi, hata mtu anayejiona mwungwana hutenda lililo rahisi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ndoto, kwamba Kenya haiwezi kuyatawala magari yake. Hao wamesahau historia ya juzi tu. Kwa miongo mingi petroli iliyouzwa humu nchini ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo ilitoka na moshi, ikaingia miilini, na ilikuwa ikidhuru zaidi akili za watoto wadogo. Mnamo Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakaafikiana kuiondoa. Hofu ilikuwapo kwamba injini kuukuu zingekufa. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2005 petroli ya risasi ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo, Kenya ikiwemo, na magari yakaendelea kwenda. Taifa la mwisho duniani, Algeria, liliiacha mwaka wa 2021. Juhudi hizo za dunia nzima ziliratibiwa kutoka Gigiri, hapa hapa Nairobi, yalipo makao makuu ya UNEP.

Tena, mnamo Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Hilo halikuwa jambo dogo, kwani salfa ikizidi huharibu vile visafishaji moshi vya kisasa, na haina maana kumtaka mtu aweke kichujio kitakachouawa na mafuta anayouziwa. Mafuta safi yamefika. Kilichobaki ni injini zinazostahili mafuta hayo.

Hali kadhalika tuzikumbuke kanuni za marehemu John Michuki. Alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, kuanzia Februari 2004, kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Wenye magari walilia, wakagoma, wakatabiri mwisho wa dunia. Kisha wakafunga mikanda. Abiria walikaa kwa heshima, kila mtu na kiti chake. Hata hivyo, sote tunajua yaliyofuata alipohamishwa: mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa, na ule msongamano ukarudi. Funzo ninalolipata hapo ni mawili. La kwanza ni kwamba Serikali ikitaka, inaweza. La pili ni kwamba sheria iliyoegemezwa kwenye bega la mtu mmoja huanguka mtu huyo anapoondoka. Tunahitaji utaratibu, si shujaa.

Sitaki kuyapuuza malalamiko ya wenye matatu. Wengi wao walinunua magari kwa mikopo, na wanaogopa kwamba kipimo cha moshi kitakuwa jina jipya la kitu kidogo. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini nawaomba watafakari jambo moja ambalo kila fundi wa dizeli anawaambia: moshi mweusi ni mafuta yaliyolipiwa yakakosa kuungua. Nozeli zilizochoka, kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari lipande mlima likiwa limejaa kupindukia. Hayo ndiyo yanayofukiza. Moshi wa samawati nao ni oili inayoungua kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Mwenye gari anayefuka moshi anachoma pesa zake mwenyewe mbele ya umma. Katika magari mengi, kinachohitajika ni matengenezo ya kawaida yaliyoahirishwa.

Wengine watasema kwamba vumbi, takataka zinazochomwa mitaani na meko ya makaa vinachafua hewa vilevile. Ni kweli tupu. Lakini nyumba ikivuja mahali patatu, hakuna mwenye akili anayeacha kuziba tundu moja kwa sababu mawili mengine yangalipo.

Hata hivyo, Serikali isije ikautumia moshi kama kisingizio cha kutafuta ushuru. Tuliyaona hayo mwaka wa 2018. Wafanyabiashara walaghai walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi, na mchanganyiko huo huharibu injini na kuzidisha uchafu. Dawa iliyotolewa ilikuwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lengo lilikuwa jema, lakini mlaghai alikuwa mmoja na aliyeadhibiwa alikuwa mwingine. Mama wa mtaa wa mabanda aliyepikia stovu ndiye aliyejikuta akichagua kati ya kulipa zaidi na kurudia makaa. Udhibiti wa hewa usioangalia mfuko wa maskini huuondoa moshi barabarani na kuuingiza jikoni.

Nini basi kifanywe? Kwanza, kipimo cha moshi kiwe sehemu ya ukaguzi wa kila mwaka, kwa chombo kinachoingizwa katika bomba na kutoa tarakimu, si kwa jicho la afisa. Tarakimu haina ndugu. Matokeo yachapishwe kwenye cheti ambacho abiria anaweza kukisoma mlangoni.

Pili, pawe na vipimo vya ghafla barabarani, kwa sababu ukaguzi wa kutangazwa hukwepeka. Tusidhani kwamba udanganyifu ni tabia ya juakali pekee. Mnamo Septemba 2015 kampuni kubwa ya Volkswagen ilifichuliwa kwa kuweka katika magari yapatayo milioni 11 programu iliyotambua gari linapopimwa na kulifanya liwe safi kwa muda huo tu. Waliofichua walikuwa wamelipima gari likiwa njiani. Ikiwa wahandisi wa Ujerumani walihitaji kuviziwa, nasi tuna haja hiyo.

Tatu, NEMA, NTSA na polisi wapewe waraka mmoja unaosema wazi nani anapima, nani anashtaki, na nani anawajibika gari bovu likipatikana na cheti kizuri. Aliyekitia sahihi cheti cha uongo aadhibiwe kuliko dereva.

Nne, kuondoa au kuuza kisafishaji moshi cha gari kuwe kosa linalofuatiliwa hadi kwa mnunuzi. Bila mnunuzi, fundi yule hangenishawishi.

Tano, kazi ianze na magari ya Serikali yenyewe. Lori la wizara linalofuka moshi haliwezi kumfundisha mwenye matatu adabu. Magari yote ya umma yakishapimwa na matokeo kutangazwa magazetini, wenye matatu wapewe muda maalumu wa kutengeneza, mathalani miezi sita, na watakaoyaacha mabasi makuukuu wasaidiwe kupata mikopo ya masharti nafuu. Tangu mwaka wa 2022 tumeyaona mabasi ya umeme yakibeba abiria Nairobi, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Si lazima tungoje mataifa mengine yatuonyeshe njia.

Serikali isipofanya hivyo, isidhani kwamba wananchi hawana pa kwenda. Wakazi wa Owino Uhuru, kule Mombasa, walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, wakala wa Serikali wakiwemo miongoni mwa waliobebeshwa lawama, na baada ya rufaa nyingi Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo mnamo Desemba 2024. Kesi hiyo ilichukua miaka mingi, na baadhi ya waathiriwa hawakuishi kuiona haki. Yafaa nini kungoja hadi wachuuzi wa barabara zetu nao wafike kortini wakiwa na picha za mapafu yao mikononi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa fedha za walipa kodi.

Jana nilipita tena katika kituo kile. Mama alikuwapo, na kitambaa chake kilikuwapo. Nilinunua machungwa matatu. Hakuniuliza swali lake tena, pengine kwa kuwa alijua tangu mwanzo kwamba sina jibu. Walio na jibu wana ofisi, wana bajeti na wana sheria mezani. Nawaomba watoke nje, wasimame naye kwa saa moja jioni, kisha warejee ofisini wakaiamshe sheria hiyo.